Mbao za Panda ya Mti

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ambaye anakuandikia akiwa ameketi juu ya benchi la kurandia, maranda yamemjaa hadi ndani ya soksi. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu mdogo, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimeshafunga virago. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujapungua nguvu hata kidogo. Jana tu amenisema kwa shati hili nililovaa, akauliza kama nalivalia kazi au nalipigia deki. Habari za Mzee nitazifikia, kwa sababu ndizo hasa zilizonikalisha chini.

Najua utashangaa kuona kurasa zote hizi kutoka kwangu, mimi ambaye shuleni insha zangu ulikuwa ukiniandikia wewe. Vumilia mwandiko. Kalamu hii ni ya kuchorea mistari kwenye mbao, na mkono umezoea kuchora mistari mirefu tu.

Kwanza asante kwa barua yako. Ulisema kabati limefika bila mkwaruzo, limekaa vizuri ukutani, milango inafunga bila kelele, na kwamba limenyooka na kupendeza utadhani limetoka dukani. Ulisema tumshukuru Mzee. Dada, najua hukuwa na nia mbaya na neno hilo la dukani. Mteja mwingine angeniambia hivyo ningetembea kifua mbele wiki nzima. Lakini kwa kabati lile, na kwa jinsi lilivyoanza, neno lako limetuangukia vibaya humu ndani, na kosa si lako. Ngoja nianze mbali kidogo.

Habari za nyumba yako zilipofika, Mama ndiye aliyetusomea, sebuleni, baada ya chakula. Unajua tangu uondoke jina lako humu lilikuwa likitajwa na Mama tu, na Mzee akilisikia huanza kutafuta miwani yake. Anaitafuta mfukoni, anaitafuta chini ya mto wa kiti, na huku imo usoni. Siku ile hakutafuta kitu. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akauliza hiyo nyumba ina vyumba vingapi, akauliza ukuta wa sebule una upana gani. Kisha akasema kabati la huko tutalitengeneza sisi, na mbao zake atazichagua yeye mwenyewe. Mama akanitazama. Mimi nikatazama sahani.

Nilitazama sahani kwa sababu ya macho ya Mzee. Mama hakukuandikia, maana Mzee alimkataza, lakini macho yake yamefanya ukungu. Mtu akisimama mlangoni anaona kivuli tu, mpaka kivuli kiseme. Hata hivyo hakuacha kuja karakana. Bado anapita kwenye banda la mbao kila asubuhi, anapapasa marundo, anasogeza vile vijiti tunavyoviweka kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, ananusa, anagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Na sheria ya karakana unaikumbuka: aliyechagua huweka alama ya chaki kwenye kichwa cha ubao, na alama hiyo haifutwi na mtu mwingine.

Shida ilianza na meza ya mwalimu mkuu, mwaka jana. Mzee alichagua mbao za mvule, mimi nikapasua na kuunga bila kuzikagua, na ubao mmoja ulikuwa na ile sehemu nyeupe ya nje ya mti ambayo wadudu wanaipenda kama sukari. Meza haikumaliza hata msimu ikaanza kumwaga unga sakafuni. Mwalimu mkuu aliileta mwenyewe juu ya mkokoteni, akaishusha mbele ya wateja wengine, na Mzee akasimama pale akipapasa vile vitundu kidole kwa kidole. Nilimwonea huruma mpaka nikatoka nje. Huruma hiyo, Dada, ndiyo iliyoniharibu.

Sasa nirudi kwenye kabati lako. Siku ya kuchagua Mzee alivaa shati safi, kama mtu anayekwenda posa. Katikati ya banda tulikuwa na mninga mzuri ajabu, mbao ambazo zimekauka kwa utulivu miaka na miaka, nyuzi zimenyooka kutoka kichwa hadi mguu, nzito, rangi ya asali iliyoiva. Ukizigonga zinaitika. Ndizo mbao alizonifundisha kuzitafuta tangu siku ya kwanza. Mzee alizipapasa, akazisifu, akazipita. Akaenda mpaka pembeni kabisa, kwenye zile mbao fupi tulizopasua kutoka panda ya mti, pale shina linapogawanyika matawi mawili. Hujazisahau hizo. Nyuzi zake huzunguka na kujikunja, zina macho na mawimbi, na kila uzi unavuta upande wake kama ndugu wanaogombea shuka. Fundi akitengeneza mlango kwa mbao za panda, mlango utapinda tu. Hilo nalo nilifundishwa na yeye.

Alikaa pale hadi jua likahama upande wa pili wa banda. Aliomba randa ndogo, akawa anakwangua sehemu ndogo kwenye kila ubao, anaifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha anapitisha kidole gumba taratibu, anarudi, anapitisha tena. Mbao nyingine aliziacha. Alipopata nne alizozitaka akaziwekea chaki. Akaniambia, "Hizi ni za milango. Fremu utachagua mwenyewe." Nikajibu, "Sawa, Mzee." Nilijibu hivyo kama unavyomjibu mtoto aliyekuletea wali wa mchanga na kukuambia umeiva.

Sikumuuliza kwa nini. Hilo nakuomba ulishike, maana nitalirudia.

Siku chache baadaye kifua kikamshika, akalazwa chumbani, Mama akamfungia madirisha. Mimi nikafanya kazi haraka, kwa kuwa lori la mzigo la kuja huko lilikuwa limeshapatikana. Kabati likaisha, likafungwa magunia, likapandishwa. Mzee hakuligusa. Nilipomwambia limeondoka alisikitika, akauliza milango imetokaje. Nikamwambia imetoka safi. Akauliza kama nimepaka vanishi nzito, kwa sababu vanishi nzito inafunika mbao. Nikamwambia nimepaka nyepesi sana. Akacheka peke yake, kikohozi na yote, na Mama akasema huo ndio mwanzo wa kupona.

Tangu siku hiyo alianza kuulizia posta. Alipona, akarudi karakana, na kila nikitoka mjini swali lake lilikuwa hilo. Barua yako ilipofika alimwambia Mama asubiri kwanza, akaenda kunawa, akaketi kwenye kiti chake. Mama akasoma. Mzee akaomba asome tena pale kwenye kabati. Mama akasoma tena: limenyooka, linapendeza, utadhani limetoka dukani.

Mzee akauliza, "Hajasema kwenye milango amemwona nani?"

Mama hakuelewa. Akasema labda baba ana homa bado. Lakini mimi, Dada, nilielewa palepale, na kalamu ikiniruhusu nitasema nilihisi kama nimekanyaga msumari. Nilikuona wewe, msichana mdogo mwenye magoti ya vumbi, umekaa chini ya benchi hili hili nililolikalia sasa. Mzee hakuwahi kupasua ubao mpya kabla hajakushushia uutazame. Alikuwa anauinamisha mpaka chini, anakuuliza, "Huyu nani?" Nawe unaangalia zile nyuzi na macho ya ubao, unamwambia huyu ni bundi, huyu ni bibi amefunga kilemba, huyu ni samaki ameudhika. Mimi nilikuwa nakodoa macho nakodoa macho, naona ubao. Na Mzee, aliyekuwa hacheki na wateja, alikuwa anacheka na wewe. Mbao nyingine alizihurumia asizikate. Mama alisema tutakufa njaa kwa ajili ya mabundi.

Mzee akamweleza Mama hayo yote, polepole. Akasema mbao za panda ndizo zenye sura nyingi, ndiyo maana alizipapasa vile, akitafuta kwa kidole kitu ambacho jicho limekataa kumpa. Akasema fremu ikiwa imenyooka, paneli ya katikati hukaa ndani ya mfereji wake bila gundi, na hata ikitaka kupinda kidogo haimdhuru mtu. Alikuwa ameshalipigia hesabu. Alitaka milango minne, kila mmoja na mtu wake. Alisema hajui namna ya kuandika pole, kwamba tangu siku ile aliyokufukuza karakana kila akijaribu kuitamka inamkwama hapa, akaonyesha koo. Basi akaona aiseme kwa kitu ambacho ninyi wawili mnakijua. Na sasa mtoto ameona, amenyamaza. "Hajanisamehe," akamwambia Mama. "Na ni haki yake." Akatoa kile kipande cha chaki mfukoni, akakiweka mezani, akaenda kulala mchana kweupe.

Dada, hukunyamaza. Hukuona kitu kwa sababu hakuna kitu. Zile mbao hazimo kwenye kabati lako.

Nilizifuta chaki. Mzee alipokuwa amelazwa nilichukua kitambaa kile kile chenye maji nikafuta alama zake nne, nikavuta mninga ule ulionyooka, nikatengeneza milango yote kwa huo. Na haikuwa mara ya kwanza. Tangu ile meza ya mwalimu mkuu nilikuwa nikimwacha achague, namwambia sawa Mzee, akigeuka nabadilisha. Nilijiona mtoto mwema. Nilijisifu moyoni kwamba namlindia heshima yake mbele ya watu. Kumbe nilikuwa nimeacha kumuuliza. Zamani tulikuwa tukibishana naye juu ya ubao mmoja mpaka chai inapoa, ananipigia kelele, najifunza. Nilipoanza kumhurumia nikanyamaza, na nilidhani kunyamaza ndiyo adabu. Ningeuliza neno moja tu, "Kwa nini za panda, Mzee?", nawe leo ungekuwa umechuchumaa sebuleni kwako ukimtafuta bundi.

Ilinichukua muda kumwambia. Nilikuwa naingia chumbani, nauliza kama anataka maji, natoka. Mwishowe nilimwambia bandani, ili kama ni kupigwa nipigwe mbele ya mbao. Hakunipiga. Aliuliza nilianza lini kufuta chaki. Nikamwambia. Akakaa juu ya rundo, akawa anapapasa ubao uliokuwa karibu naye bila kuuchagua. Nilingoja aseme mengi. Alisema, "Ungeniuliza tu, mwanangu." Basi. Nimewahi kutukanwa na wateja, na wewe mwenyewe uliwahi kunipiga kwa kiatu, lakini sijawahi kuumia kama siku ile.

Nikakimbia kuzitafuta mbao zenyewe. Na hapa utanicheka, au utalia, mimi nilishindwa kuchagua. Nilikuwa nimempa mbao hizo jirani yetu, fundi wa vitanda, yule tunayemwita Spidi, kama ahsante kwa kunisaidia kupakia. Unamkumbuka: vitanda vyake vinaanza kulia kabla hujavipanda. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamuuliza habari za mbao. Akaniambia zile zilikuwa mbovu, zinamkatalia randa, lakini asingeziacha zipotee, amezichana zote kuwa chaga za vitanda. Vitanda vimeshauzwa. Kwa hiyo, Dada, huko mjini kuna watu wamelalia bundi wako na hawajui. Nilitaka kumkasirikia, nikakumbuka ni nani aliyezitoa.

Kilichobaki ni kipande kimoja. Alikuwa amewekea birika lake la chai juu, na duara la birika lipo hadi sasa upande mmoja. Nikakiomba, nikakileta nyumbani kwapani kama mwizi wa kuku. Mzee alikipokea, akakiranda mwenyewe, mimi nimeshika upande wa pili tu. Nyuzi zake zinageuka kila mahali, ukiranda huku zinachanika, ukiranda kule zinachanika, lakini mikono yake inajua kuzifuata. Kidole gumba kilipofika karibu na katikati kikasimama. Akakizungusha pale, akakirudisha. Akaniuliza kama naona kitu. Nikasema, kama zamani, naona ubao. Akasema, "Wewe huyu humwezi."

Kimetosha paneli moja ndogo, ya mlango wa chini upande wa kulia. Minne imekuwa mmoja, na hiyo mitatu nitaijutia kila nikikata ubao. Mlango huo mzima, na fremu yake, ndio ulio ndani ya gunia hili utakalopewa pamoja na barua. Duara la birika limebaki upande wa ndani. Nilitaka kulitoa kwa msasa, Mzee akakataa, akasema shemeji akiuliza aambiwe ukweli. Fungua skrubu za bawaba, utoe mlango niliouweka mimi, upachike huu. Ule wangu fanya unavyotaka, hata kuni.

Utaona mlango hauingii. Usidhani nimekosea vipimo, ingawa ungekuwa na haki. Tumeuacha mpana kidogo makusudi, na ukingo mmoja haujarandwa. Mzee ameagiza usimwite fundi.

Ndani ya gunia, kwenye kile kitambaa, kuna randa ndogo. Ile yenyewe. Unakumbuka siku ulipomaliza shule ukamwambia Mzee unataka kufundishwa kazi, naye akakwambia karakana si mahali pa msichana, akaichukua randa hiyo uliyokuwa umeishika akanipa mimi, mimi niliyekuwa nataka kuwa dereva wa lori. Ulinitazama, nami nikaipokea. Ulikwenda ukawa mchora ramani, na kila mtu anasema una jicho, na kila wakisema hivyo huwa nasikia aibu shingoni. Mzee aliiomba kwangu wiki hii. Akainoa mwenyewe, akajikata kidogo, akasema iko tayari. Sikumuuliza ni ya nani. Safari hii nilijua.

Randa taratibu, toka nje kuingia ndani, nyuzi zikikataa geuza mkono. Ukuta wa kabati utakuambia ukifika.

Ukishaufunga mlango itabidi ukae sakafuni kuutazama, kwa sababu uko chini, sawa na uso wa mtoto aliyekaa chini ya benchi. Mzee ndiye aliyechagua uwe huo. Kaa na mwanao, umwonyeshe.

Mama anakusalimu sana, anasema njoo kabla magoti hayajamwisha, na ukija umletee kitambaa cha mapazia kwa sababu cha hapa hakina rangi. Nisalimie shemeji, mwambie aisogeze mikono yake mbali na mlango mpaka wewe umalize. Mimi sina cha kukuombea zaidi ya msamaha, na najua hauji kwa haraka. Nitaungoja kama tunavyongoja mbao zikauke.

Nimemuuliza Mzee kama ana neno la kukuandikia kabla sijaifunga bahasha. Ameketi hapa kando yangu tangu nianze, chaki yake ameirudisha mfukoni. Amefikiri sana. Amesema nisikuandikie pole, hiyo atakupa mwenyewe ukija. Niandike swali moja tu, nawe umjibu kwa mwandiko wako, Mama atamsomea:

Huyu nani?

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Gundi